Mizani ya Kura: Niliyoyaona Shinyanga na Geita

(Maneno haya yalisomwa na mwanachama mmoja, muuza duka, mbele ya wanachama wa tawi baada ya sala ya isha. Tumeyachapa yote, kwani wengi waliokaa nje barazani hawakuyasikia vyema. – Mhariri)





Mmenitaka niseme juu ya jambo ambalo wasomi wameliandikia vitabu, nami elimu yangu ni ya chuoni kwa maalim, na baada ya hapo ni ya dukani. Lakini alokaa nyuma ya mizani miaka ishirini na ushei hujifunza jambo moja vizuri: hujua kipimo cha haki na kipimo cha kupunja. Na khabari ya leo, kwa fikra zangu, ni khabari ya vipimo.

Sababu ya maneno haya ni suali la kijana mmoja wa tawi letu. Baada ya uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025, alisimama hapa hapa akauliza: "Tupige kura ya nini tena?" Hapana aliyemjibu. Wazee waliinamisha vichwa. Wengine tulijua kwamba baadhi ya wenzake wamekwisha kuchukua kadi ya chama kinachotawala, si kwa mapenzi, bali wapate leseni na vibarua. Suali lile nimelichukua safarini na kurudi nalo, na usiku wa leo nataka kulijibu.

Mwaka 2003 nilikwenda Shinyanga kwa ami yangu, aliyekuwa na duka la nguo karibu na soko. Tangu siku zile nimeuza khanga, vitenge, maturubali na tochi, mjini Shinyanga na Kahama, na mali yetu imefika Kakola, Geita na Katoro, kwa wachimbaji. Watu wa kule si watu wa kuonewa huruma tu. Wana tarikhi yao, na tarikhi hiyo yatufaa sisi watu wa visiwani.

Wangapi kati yetu wanajua kwamba TANU yenyewe ilikuwa chama cha upinzani kilichonyimwa ruhusa? Tangu 1954 hata 1958 matawi yake yalipigwa marufuku Usukumani na serikali ya Waingereza. Wakulima wa pamba hawakukaa kimya. Walikuwa na vyama vyao vya ushirika, na mwaka 1955 wakaviunganisha katika shirikisho kubwa la Victoria, chini ya uongozi wa Bwana Paul Bomani. Mwaka 1958 watu wa Geita walilikataa baraza la wilaya la mseto waliloletewa bila ya khiari yao. Waliandamana hata Mwanza, wakatawanywa kwa moshi wa machozi, na mwisho wake baraza lile likaondoshwa. Basi atakayekwambia kwamba upinzani ni desturi ya kigeni, au ni ugonjwa wa Wapemba, mpeleke Geita.

Kisha ukaja uhuru, na mizani ikaelemea upande mmoja. Katika uchaguzi wa 1960 TANU ilipata viti 70 katika 71, na huyo mmoja aliyebaki, Bwana Herman Sarwatt wa Mbulu, naye alikuwa mwana TANU aliyesimama peke yake. Mwaka 1962 Bwana Zuberi Mtemvu aligombea Urais na Mwalimu Nyerere, akapata chini ya kura 3 katika kila 100. Mwaka 1965 chama kimoja kikafanywa sharia, na ikakaa hivyo hata 1992.

Lazima nifanye insafu, kwani muuza duka asiyetaja wema wa duka la jirani haaminiwi. Katika ule uchaguzi wa 1965 chama kiliweka wagombea wawili katika karibu kila jimbo, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwengine ya nyumba, na wananchi wakapata nafasi ya kuchagua mtu. Bwana Bomani, yule yule wa pamba, ambaye siku hizo alikuwa Waziri wa Fedha, alishindwa katika kura. Kwa hivyo chama kimoja si lazima kiwe usingizi mtupu. Lakini tazameni kilichofuata. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika, vile vilivyowafundisha wakulima kusema hapana, vilivunjwa kwa amri, na pamba ikawa na mnunuzi mmoja tu, naye ni Serikali. Mkulima aliyeweza kumwangusha waziri kwa kura hakuweza tena kuuliza bei ya pamba yake.

Na mwaka huo huo wa 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu walikamatwa kwa tuhuma za mauaji ya kichawi. Waliteswa mikononi mwa watu wa usalama, na wako waliokufa. Aliyejiuzulu kwa jambo hilo, Januari 1977, ni Waziri wa Mambo ya Ndani, Mzee Ali Hassan Mwinyi, mtu aliyelelewa visiwani humu humu. Hakutesa mtu, bali aliona dhamana ni yake. Ni jambo la kufakhiri. Lakini nakuulizeni: nchi yaweza kuendeshwa kwa kungoja kila mara apatikane muungwana? Serikali njema ni ile ambayo hata asiye muungwana hulazimika kuwajibika.

Sasa nije kwenye dhahabu.

Mwezi wa Agosti 1996, huko Bulyanhulu, wilaya ya Kahama, maelfu ya wachimbaji wadogo walifukuzwa kupisha kampuni ya kigeni. Ikadaiwa kwamba wako waliofukiwa mashimoni. Madai hayo yakakanushwa. Waliodai uchunguzi huru, Bwana Tundu Lissu akiwa mmoja wao, walifunguliwa kesi ya uchochezi mwaka 2002. Nilipofika mimi, jambo hilo lilikuwa likisemwa kwa kunong'ona. Mteja akitaka kulisema, kwanza hutazama mlangoni.

Mwaka 2007 ikatoka khabari ya Buzwagi, hapo hapo Kahama. Waziri alitia saini mkataba wa mgodi huo London. Mbunge kijana wa upinzani, Bwana Zitto Kabwe, akapeleka hoja Bungeni ili jambo hilo lichunguzwe. Jawabu ya wengi ilikuwa kumsimamisha yeye. Lakini khabari ilikwisha kutoka. Wapinzani wakazunguka nchi nzima, watu wakasikiliza. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo Rais Kikwete akaunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani, na yule aliyesimamishwa akatiwa ndani yake. Matunda yake yalionekana katika sharia mpya ya madini ya 2010: mrabaha wa dhahabu, uliokuwa 3 katika 100, ukawa 4. Mwaka 2017 ukafanywa 6, na Serikali ikapewa hisa zisizopungua 16 katika 100 za kila mgodi mkubwa.

Watetezi wa chama kinachotawala husema: "Tazameni, ile sharia ya 2017 tuliipitisha sisi." Ni kweli, nami sipunguzi hata wakia moja. Lakini mgodi mkubwa wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000 na Bulyanhulu 2001. Dhahabu iliyotoka kwa mrabaha mdogo hairudi ardhini kungoja sharia bora. Yale yaliyokuwa hikima mwaka 2017 yalikuwa yamesemwa miaka kumi nyuma, na aliyeyasema alitolewa nje. Faida ya upinzani si kwamba wapinzani ni malaika. Faida yake ni kwamba kosa husemwa mapema, kabla khasara haijawa kubwa.

Basi pimeni lililotokea mwaka 2020, Bunge lilipobaki na wapinzani wanane tu katika viti 264 vya majimbo. Na 2025 CHADEMA kilizuiliwa kugombea, mwenyekiti wake, yule yule Bwana Lissu, akiwa gerezani kwa tuhuma za uhaini. Mgombea wa ACT-Wazalendo, Bwana Luhaga Mpina, mtu wa Kisesa, sehemu iliyokuwa zamani ya mkoa wa Shinyanga, aliondolewa katika orodha. Damu ilimwagika katika miji mingi ya Bara, na mshindi akatangaziwa zaidi ya kura 97 katika 100. Katika hali hiyo, nani atauliza khabari ya mkataba wa mgodi ujao?

Sasa nikupeni kisa cha kura moja.

Mwaka 2010 jimbo la Shinyanga Mjini lilitangazwa kwa tofauti ya kura moja. Bwana Stephen Masele wa CCM alitangazwa mshindi, na Bwana Shelembi wa CHADEMA akashindwa. Asubuhi yake alikuja dukani mzee mmoja, mteja wangu, aliyekuwa mtu wa upinzani waziwazi. Hakununua kitu. Alikaa juu ya kigoda akasema: "Mwanangu, jana sikwenda. Nilikuwa nangoja gari ya mzigo." Akalirudia hilo mara tatu. Sikuwa na neno la kumpa, kwani na mimi mzigo ule ulikuwa wangu.

Wazee wa humu ndani watakuwa wamekwisha kukumbuka Chake Chake. Januari 1961 jimbo la Chake Chake lilichukuliwa na Afro-Shirazi kwa kura moja, na kwa kura hiyo moja ASP ikapata viti 10 kwa 9 vya Hizbu na 3 vya ZPPP. Nchi haikuweza kuundiwa serikali imara. Ukarudiwa uchaguzi mwezi wa Juni, na watu wakauana.

Ndugu zangu, kura moja ina thamani. Huo ni upande mmoja wa kisa. Upande wa pili ni huu: mizani gani hiyo ambayo kura moja ikizidi, nusu nzima ya mji hupotea kama haikuzaliwa? Mwaka 1963 hapa kwetu ASP ilipata zaidi ya kura 54 katika 100, lakini ikapata viti 13 tu katika 31. Kwa kipimo cha haki ingalipata kama 17. Sisemi kwamba yaliyotokea Januari 1964 sababu yake ilikuwa hiyo peke yake. Nasema kwamba waliotawala baada ya hapo walikuwa wamewahi kupunjwa na mizani hiyo, na walipoishika wao hawakuitengeneza. Mwaka 1995, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi wa Muungano, CCM ilipata kura 59 katika 100, ikachukua majimbo 186 katika 232, yaani 80 katika 100. Kwa haki yake ingalipata kama 137, ikatawala vile vile, lakini ikitawala kwa adabu.

Sote tuliisoma Sura ya Mutaffifin tungali watoto. Maalim alitufundisha kwamba onyo lake ni kwa anayejipimia kamili na akampimia mwenzake pungufu. Siku ile tulidhani ni maneno ya wauza mchele. Leo naona yanahusu na tume za uchaguzi.

Je, ziko njia nyengine? Ziko, na si za kubuni.

Ya kwanza ni kugawa viti kwa wingi wa kura. Nataka mukumbuke jina la nchi moja ndogo, Lesotho. Mwaka 1998 chama kimoja huko kilipata kura kama 60 katika 100, kikachukua viti 79 katika 80. Waliobaki, watu 40 katika kila 100, walipewa kiti kimoja. Mji wa Maseru ukachomwa moto, majeshi ya nchi jirani yakaingia. Kisha watu wazima wakakaa kitako. Waliyabakisha majimbo 80, wakaongeza viti 40 vya kufidia, ili chama kilichopunjwa majimboni kipate haki yake kwa jumla ya kura zake. Wakauendea uchaguzi wa 2002 kwa njia hiyo. Mwaka 2012 serikali ikabadilika kwa kura, na aliyeshindwa akatoka kwa amani. Lesotho haikuwa pepo baada ya hapo; serikali zake za mseto zimevunjika mara kwa mara. Lakini kuvunjika kwa serikali si kuvunjika kwa nchi. Na mizani hiyo si ngeni kwetu: viti maalum vya wanawake katika Bunge la Muungano hugawiwa vyama kwa kufuata kura. Kinachofaa kwa mama zetu kwa nini kisifae kwa wote?

Ya pili ni kutawala kwa pamoja. Hii tumeionja. Baada ya maridhiano ya Novemba 2009, wananchi wa Zanzibar waliulizwa tarehe 31 Julai 2010, na zaidi ya 66 katika 100 wakasema ndiyo. Uchaguzi wa mwaka ule ulipita kwa utulivu ambao wengi wetu hatukuwahi kuuona. Lakini tarehe 28 Oktoba 2015 uchaguzi ulifutwa kwa tamko la mtu mmoja, na baada ya marudio ya Machi 2016 umoja ule ukafa hata Disemba 2020. Wangazija, Wanzuwani na Wamwali nao walipatana mwaka 2001, huko Fomboni, kwamba Urais uzunguke kisiwa kwa kisiwa. Ulizunguka kweli, visiwa vyote vitatu, mpaka 2018 aliyekuwa katika kiti akaibadilisha katiba. Somo ni moja: ugawaji wa madaraka bila ya mlinzi ni deni lisiloandikwa. Mdaiwa akikasirika, husema hakukopa.

Mlinzi ndiye njia ya tatu, naye ni mahakama na tume. Katiba ya Muungano, katika kifungu cha 41, inakataza mahakama kuchunguza uchaguzi wa Rais akishatangazwa. Kenya mwaka 2017 na Malawi mwaka 2020 mahakama zilifuta matokeo ya Urais, na nchi hizo hazikuzama. Na Mahakama ya Afrika, iliyoko Arusha, katika ardhi yetu wenyewe, iliamua mwezi wa Juni 2013, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba kumlazimisha mgombea awe na chama ni kuvunja haki yake. Hukumu ilitolewa nyumbani kwetu, na wenye nyumba hawakuitekeleza.

Wako watakaosema: vyama vikongwe having'oki. Botswana chama kimoja kilitawala tangu 1966, na mwaka 2024 kikashindwa kwa kura, kikaondoka. Ushelisheli chama kilichotawala tangu 1977 kilishindwa 2020, na mwaka 2025 kikarudi, kwa kura vile vile. Aliyetoka 2020 hakuuawa, na ndiyo maana aliyetoka 2025 hakuogopa kutoka. Hapo ndipo penye siri yote: mtu huachia kiti pale anapojua kwamba baada ya kukiachia atabaki mwananchi.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, naomba ruhusa niseme neno ambalo pengine halitapendeza. Mwaka 1995 CUF ilitwaa majimbo yote 21 ya Pemba. Wengi wetu humu ndani tulikuwa katika safu hizo, tukapiga vigelegele. Lakini Pemba walikuwapo watu wa CCM, majirani zetu na wengine ndugu zetu wa damu, na hawakupata kiti hata kimoja. Tuliususia msiba wao na maduka yao, nao wakatususia. Tukiitaka mizani ya haki, itatubidi tupoteze viti Pemba ili wenzetu wa Unguja, na wa Shinyanga na Geita, wapate vyao. Tuko tayari? Au tunaitaka haki pale inapotulipa tu? Na ndani ya chama chetu, tawi ambalo mwenyekiti hajawahi kupingwa lina uso gani wa kuilaumu Dodoma?

Kwa hivyo naleta mambo matatu mbele ya tawi. Kwanza, tawi liandike kwa viongozi wetu kwamba chama kitangaze waziwazi kutaka viti vya kufidia kwa wingi wa kura, Baraza la Wawakilishi na Bungeni, hata kama vitatupunguzia Pemba. Pili, uchaguzi wa tawi ujao uwe na wagombea wasiopungua wawili katika kila nafasi, na kura zihesabiwe mbele ya watu. Tatu, vijana wetu waliotawanyika kwa biashara Bara, kutoka Kahama hata Katoro, wasikae huko kama wageni. Wauze, lakini wasikilize pia, na watuletee khabari, kwani hapana mizani itakayotengenezwa Zanzibar peke yake.

Namrudia kijana wetu. Umeuliza tupige kura ya nini. Sitakwambia kwamba kura yako itahesabiwa. Nimeishi sana kuweza kukudanganya. Nakwambia hivi: yule mzee wa Shinyanga aliyekaa kwenye kigoda changu aliweza kumsamehe msimamizi, akaweza kumsamehe mgombea, lakini hakuweza kujisamehe mwenyewe. Mwenye kupunja atajibu kwa kupunja kwake. Wewe usije ukaulizwa kwa kutokwenda sokoni.

Namuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia kwa jambo hili, visiwani na Bara, na atujaalie kuwa watu wa vipimo vya haki, tukiwa wengi na tukiwa wachache.